Koti la Betri

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Pindo kaota jino la mbele na anataka kila mtu alione, hata watu tusiowajua waliopanga foleni kliniki. Nakuandikia kwa sababu tukipigiana simu wewe unasikia nusu na mimi napiga kelele zote, na majirani zangu sasa wanajua mambo ya nyumbani kwetu kuliko shangazi. Cherehani kimekula masikio yako, basi tutumie macho.

Kilichomo kwenye boksi hili ni sigara ya umeme. Sitarudia yale niliyosema mlangoni siku tuliyotoka hospitali, maana uliyasikia vizuri, hata kwa masikio hayo. Mtoto alilala kwenye kochi lako, akaamka kifua kimebana, pampu yake ya pumu haikufua dafu, na daktari akanusa sweta lake tu akauliza nani anavuta nyumbani. Nilisema Pindo harudi kwako mpaka chumba kile kiache kunuka sigara, na neno langu ni lile lile. Lakini sikusema nimekuacha peke yako na hilo jambo.

Hapa karakana yetu ya pikipiki za umeme kuna mwenzangu aliyekuwa anavuta mpaka glavu zake zinanuka. Alianza na kitu hiki, akawa anapunguza ukali wa yale maji yake kila mwezi, mwisho akakisahau kwenye droo. Daktari wa Pindo hakukipigia makofi. Alisema hii ni ngazi ya kushukia, si kiti cha kukalia, na mtoto akiwepo hata hiyo haivutwi. Shule zinafungwa Agosti. Nataka Pindo aje likizo kwa babu yake, Baba. Nataka sana.

Sasa betri. Ni za aina ile ile ninayoishika kazini kutwa, kwa hiyo nisikilize kwa hili hata kama hunisikilizi kwa mengine. Zichaji kwa chaja niliyokutumia, si ya simu ya mteja. Iweke chini kwenye sakafu ya saruji, mbali na vitambaa, na uwepo hapo hapo mpaka zijae, halafu uzitoe. Chaja ina taa nne, zikiwaka zote basi. Betri mbili hizo zinafanya kazi pamoja na kuchajiwa pamoja, usimpumzishe mmoja ukamchosha mwenzake. Zikiwa nje ya sigara zikae kwenye kile kiboksi cha plastiki, kamwe si mfukoni na funguo. Na ile plastiki nyembamba iliyozivika ikichanika popote, usiitumie, niandikie.

Pindo anasema jino lake la zamani amekuwekea.

Mwanao


11 Machi

Mama,

Marahaba. Boksi limefika, na kamba uliyolifungia nimeikunja vizuri, itafaa.

Nimefuata maagizo yote kama dozi. Chaja naiweka sakafuni pale ninaposimamisha pasi, na ninakaa mbele yake kwenye kigoda nikiitazama. Mama Vifungo, tunayegawana naye chumba cha duka, ananiuliza kama ninasubiri ianguliwe vifaranga. Betri nimezitia alama, moja uzi mwekundu na moja uzi wa bluu, ili nisizichanganye. Ukiniuliza, ni kama wachumba wapya, mmoja akichoka na mwenzake anajilaza.

Ila utamu wake, mwanangu, ni kama peremende aliyoimumunya mtu mwingine. Na wateja wananicheka. Jana bwana mmoja nampima kiuno, moshi ukamzunguka, akasema amekuja kushonewa suruali si kufukizwa. Za kweli bado navuta. Nimepunguza, lakini navuta. Nakwambia kwa sababu najua utauliza.

Nimeanza gauni la njano la Pindo la likizo. Lina mifuko miwili, na wa kulia nimeukata kwa kipimo cha pampu yake, iingie na kutoka bila kukwama. Tatizo sijui urefu wake sasa. Mtoto harefuki kwa kukumbukwa. Nipe kipimo.

Jambo moja. Hizi betri mbona haziwahi kumaliza siku? Wiki ya kwanza zilikuwa hodari, sasa zinanung'unika mapema.

Babako, bomba la moshi mtamu


24 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimecheka mpaka fundi mwenzangu akaja kuangalia kuna nini.

Kipimo hiki hapa ndani ya bahasha. Ni uzi, nimeufunga fundo begani, fundo kiunoni na fundo gotini. Pindo alisimama kama askari, halafu mwishoni akanyanyua visigino ili aonekane mrefu, kwa hiyo ondoa kidogo.

Kuhusu kunung'unika. Nina hakika unazivuta mpaka zinazima kabisa ndipo unazichaji. Wewe hata sahani huachi punje. Usizimalize hivyo, ukiona mvuke unapungua zirudishe kwenye chaja. Na nadhani kigoda chako na hiyo chaja viko chini ya dirisha ambapo jua linapiga mchana kutwa. Joto ndilo linalozizeesha kuliko kazi. Hamia upande wa kivuli. Mara moja moja futa vichwa vyake kwa kitambaa kikavu, maana vumbi la pamba la dukani kwako linaingia kila mahali.

Na ukitaka kuziweka bila kazi kwa muda mrefu, usiziache zimejaa wala usiziache zimeisha. Ziache nusu, yaani taa mbili. Betri iliyojaa ni ya mtu atakayeitumia kesho. Hapa kwetu pikipiki ya mtu aliyesafiri tunaiacha hivyo, anarudi anaikuta nzima.

Ahsante kwa kuniambia kwamba za kweli bado unavuta. Ni afadhali hivyo kuliko ungeniambia umeacha. Nilikuwa nasoma barua yako nikiusubiri uongo, haukuja, nikafurahi peke yangu jikoni.

Mwanao


9 Aprili

Mama,

Marahaba. Nimehamia kivulini, na kweli wamepata nguvu, hasa huyu wa bluu.

Habari kubwa ni kwamba za kweli nimebaki na moja, ile ya baada ya chai ya asubuhi. Hiyo imenigomea kuondoka. Lakini Mama Vifungo, ambaye miaka yote meza yake ilikuwa ukutani kabisa, wiki hii ameisogeza hadi katikati. Anasema eti mwanga ni mzuri pale. Mwanga gani, mwanamke yule anauza zipu kwa kupapasa.

Sasa kuna ajali ndogo. Betri ya uzi mwekundu imechanika plastiki yake shingoni. Nilikuwa naichomoa kwa ncha ya mkasi, maana gumba langu haliingii mle. Nimeitoa kazini kama ulivyosema, na pacha wake nimempumzisha. Lakini usijisumbue kutuma plastiki kwa basi. Mimi nimewavika mabwana harusi wa mji huu, baba na baadaye mtoto wake, nitashindwa na mteja wa urefu wa kidole? Nimemkatia koti la kitambaa cha bitana, jeusi, laini, na kola ya kusimama ya kuziba pale palipochanika. Litakuwa zuri kuliko hiyo plastiki yenu ya kiwandani.

Nina sare za shule za kumaliza kwanza. Jumatatu namjaribisha.

Babako, fundi wa wadogo na wakubwa


13 Aprili

Baba,

Usiishonee koti. Kama umeshashona usiivike. Iweke kwenye kiboksi cha plastiki peke yake na usiiguse tena.

Ni kosa langu, nilikuambia usiitumie bila kukuambia kwa nini. Mwili mzima wa betri chini ya ile plastiki ni chuma cha upande wa hasi. Kile kitufe cha katikati kichwani ndicho chanya. Pale shingoni vimeachana kwa nafasi ndogo kuliko punje ya mchele, na plastiki ndiyo inayozuia visikutanishwe. Ikichanika hapo, chuma chochote kikigusa pande zote mbili, umeme wote unapita hapo kwa mara moja na betri inawaka moto. Kitambaa hakizuii kitu. Na wewe hapo mezani kila kilichopo ni chuma. Hata mdomoni unashika pini.

Barua hii namkabidhi dereva wa basi la alfajiri mkononi, na nimemwambia asiondoke hapo dukani mpaka aione mikononi mwako.

Mwanao


20 Aprili

Mama,

Barua nimepata. Usiwe na wasiwasi, sisi wazima. Betri nimezipumzisha zote. Usitume nyingine kwa sasa.

Mvua imenyesha kidogo. Gauni litachelewa, kazi nyingi. Mkono una uchovu ndiyo maana mwandiko haujatulia.

Msalimie Pindo.

Baba


25 Aprili

Mama Pindo,

Salamu nyingi. Ni mimi Mama Vifungo. Baba yako amenikataza kukuandikia, kwa hiyo nimeona nikuandikie haraka kabla hajanikataza mara ya pili.

Ule mwandiko haukutulia kwa sababu ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umeungua, vidole vitatu na kiganja. Usishtuke, muuguzi anaufunga kila asubuhi, na amesema vidole vitarudi kazini. Lakini habari uipate kama ilivyo.

Jumatatu ile alikuwa anaijaribisha koti. Mimi niliambiwa nije nitazame, na sikatai, lilikuwa koti zuri. Mabegani lilikaa. Kola ndiyo ilikuwa inapwaya. Sasa wewe unamjua baba yako, kola ikipwaya mkono wake unakwenda kwenye pini wenyewe, hata hajui umekwenda. Akaibana mbele kama anavyowabana watu. Pini ikalala pale juu kichwani. Nikaona cheche, kisha moshi, kisha kile kitu kikaanza kufoka kama birika.

Angeitupa pale pale mkono ungepona. Lakini nguo za watu zilikuwa zimening'inia pande zote, basi akaifumbata kwa kiganja akakimbilia nayo nje. Ilimponyoka akikaribia mlango, ikaangukia kiti, na kwenye kiti alikuwa amelaza gauni la njano. Nilimwaga ndoo nzima ya maji. Nguo za wateja hazikuguswa hata moja. Gauni upande mmoja wote umekwenda.

Dereva na barua yako walifika saa tisa mchana. Aliisoma akiwa amesimama, mkono ndani ya beseni la maji. Alipoimaliza akaniambia nisikwambie, kwa sababu wewe utaona ni moshi juu ya moshi na hutamleta mtoto.

Moja zaidi, na hili linaniuma kukuandikia. Jioni ile alinunua pakiti. Nilimwona akikaa nayo nyuma ya duka kwenye ndoo niliyoimwaga. Sijui alivuta au hakuvuta, nilikuwa nafunga mlango wangu. Ila uso wake haukuwa wa mtu wa kuachwa peke yake.

Mama Vifungo


2 Mei

Baba,

Shikamoo. Usimgombeze Mama Vifungo. Ningejua siku nyingine kwa watu wengine, na ningeumia zaidi.

Sina hasira na betri wala na koti. Nilicheka, Mungu anisamehe, halafu nikalia, halafu nikacheka tena nilipofika pale pa kola. Mkono wako ndio uliosoma kuliko mimi na wewe, kubana kola ni kama kupumua kwake. Uliokoa nguo za watu. Ningependa siku nyingine uokoe mkono kwanza.

Nimekutumia pacha wengine wapya, na kipande cha utepe ndani ya kiboksi, ukilaze chini ya betri kwenye sigara, ukikivuta itoke bila mkasi. Yule wa bluu aliyebaki usimchanganye na hawa. Amezoeana na mwenzake aliyekufa, nguvu zao hazitalingana, mmoja atamlemea mwingine. Muweke pembeni peke yake, akija mtu wa huku tutamtafutia kazi ndogo. Mabaki ya ile iliyoungua yasiende kwenye taka, yatie kwenye kopo la mchanga nitakuja kuyachukua.

Baba, kuna pakiti. Nakuuliza kwa sababu Agosti haiko mbali na Pindo amechora babu na gauni kwenye ukuta wa chumba chake, kwa kalamu isiyofutika. Niambie ulivuta au hukuvuta. Nikijua nitapanga, nisipojua naanza kukisia, na mimi nikikisia huwa nakuonea.

Mwanao


18 Juni

Baba,

Mei imekwisha na Juni imepita nusu, hujaandika. Mama Vifungo nikimpigia anasema uko kazini, anakata. Hajawahi kukata simu yule, hata akikosea namba huongea.

Kama umerudia, sema. Sitapiga kelele. Nitajua tu kwamba ngazi imekushinda safari hii, na tutatafuta nyingine. Kinachonitesa ni Pindo. Kila siku anauliza tunabeba nini kwenye begi.

Mwanao


15 Julai

Baba,

Kifurushi nimekipokea leo stendi. Sigara ya umeme, chaja, kiboksi na betri tatu, vyote vimefungwa, bila barua, bila hata kikaratasi. Nimesimama pale katikati ya mizigo ya watu kama mjinga, napekua nikitafuta mstari mmoja.

Basi nimeelewa. Umerudisha ngazi. Ungeniambia kwa maneno ningekubali, ila kunirudishia vitu kimya kimya kama mtu anayemrudishia jirani sufuria, hilo sikulitegemea kwako. Pindo nimemwambia Agosti hatuji. Hajalia. Ameenda chumbani kwake akaanza kutoa nguo kwenye begi moja moja.

Kuna bunda la kitambaa chini ya boksi. Sijalifungua, sina moyo huo leo.

Mwanao


16 Julai

Baba,

Kama barua ya jana imeshafika, ichane. Kama hujaisoma bado, usiisome, chukua hii.

Jioni nilipeleka betri zako karakana kuziweka kabatini. Nikazipima kwa mazoea, kama ninavyopima kila betri inayopita mkononi mwangu. Ya kwanza nusu. Ya pili nusu, sawasawa na mwenzake. Nikachukua yule mjane wa bluu aliyekuwa amekaa peke yake tangu Aprili, naye nusu. Vichwa vyote vimefutwa vikang'aa. Nilikaa chini, Baba. Mtu aliyekata tamaa angezitupa zimekufa. Mtu anayetaka kuendelea angezijaza. Wewe umezichaji mpaka taa mbili ukachomoa, zote, na nilikuambia mara moja tu, Machi, jambo hilo linafanywa kwa betri gani.

Nikarudi nyumbani mbio. Pindo alikuwa ameshanitangulia, bunda amelifungua mwenyewe. Gauni. Nimeliona ulivyoliokoa, ule upande ulioungua umeutoa wote ukaunga kitambaa cha bluu, na chini umeacha pindo pana la kushushwa akirefuka. Mfuko wa kulia ametia pampu, ikaingia bila kukwama. Amecheza kuitoa na kuitia mpaka nikamwomba apumzike.

Halafu akaliinua gauni akalinusa, kwapani, kolani, ndani ya mifuko. Unajua kila kilichotoka kwako tangu azaliwe kimekuja na harufu yako. Akanitazama akasema, "Mama, hili siyo la Babu. Halinuki."

Nilijifanya natafuta sindano.

Nimemrudishia begi lake. Lakini nataka nisikie kwa mkono wako, wowote ule ulio mzima.

Mwanao


21 Julai

Mama,

Marahaba. Barua zako mbili zimefika siku moja, dereva yule yule. Ya jana yake niliisoma kwanza, macho hayana adabu. Usijali, ilinistahili kidogo.

Mwandiko unaouona ni wa kulia. Unakwenda polepole, lakini wenyewe. Uzi ulikuwa mgumu zaidi kuliko kalamu, ndiyo maana gauni lilikula Mei yote na Juni. Sikuwa na mkono wa kufanya yote mawili, kushona na kuandika, nikachagua kushona.

Uliuliza pakiti. Nilivuta mbili jioni ile, kwenye ndoo, kama alivyokueleza mbeya wangu. Ya tatu niliizima katikati kwa sababu mkono wa kushoto haujui kushika sigara, iliniunguza pua, nikaona kuungua mara mbili siku moja ni ulafi. Zilizobaki nilizificha, mpaka barua yako ya Mei ilipofika nikampa Mama Vifungo azivunje. Alizivunja kwa furaha isiyo ya kawaida.

Nikarudi kwenye ile ya umeme kwa pacha wapya uliowatuma. Nikapunguza ukali wa maji mara moja, nikapunguza tena, mwishowe nikawa navuta mvuke mtupu kama birika la chai. Ile ya kweli ya baada ya chai ya asubuhi nilihangaika nayo mpaka nikaacha chai, nanywa uji. Siku moja mwisho wa Juni nilisahau kitu chenyewe nyumbani, na nikakikumbuka wakati wa kufunga duka. Sikusema kwa mtu. Niliogopa nikikitaja kitasikia.

Zilipoisha nguvu mara ya mwisho nilizipeleka kwenye chaja kama kawaida, nikakaa kwenye kigoda changu. Taa ya kwanza ikawaka, ya pili ikawaka. Nikaona nikisubiri ya tatu na ya nne nitakuwa nimejiambia kwamba kesho navuta. Nikachomoa. Na yule wa bluu nikampa zake mbili pia, maana hakuwa na kosa.

Barua sikutia kwa kusudi, na Mama Vifungo nilimwapisha asikwambie lolote, ndiyo maana alikuwa anakukatia simu. Nilishakuandikia za kujisifu, na moja ya uongo kwa mkono wa kushoto. Nikasema safari hii asisome, apime. Sijawahi kukuona ukishika betri ukaacha kuipima. Sikujua tu kwamba utapokea mzigo stendi ukakasirika kabla ya kufika karakana, hilo nilipaswa kulijua, maana hasira hizo ni za upande wangu.

Chumba kimepakwa rangi. Kochi nimelivua nguo yake yote mpaka mbao, nimelishonea mpya. Mapazia nimefua mara nyingi, maji ya kwanza yalitoka kama chai niliyoiacha. Hamu haijaisha, nisikudanganye. Inakuja ikikaa kidogo, naitengea kiti, inachoka inaondoka. Ukija na Pindo lala naye wewe usiku wa kwanza, madirisha wazi na pampu karibu, na kifua kikibana hata kidogo mtaondoka na sitafunga mlango kwa kinyongo.

Ile betri ya bluu usiitupe. Itengenezee tochi ndogo, Pindo aje nayo.

Na kuhusu gauni. Mwambie ni la babu yake, kila uzi. Harufu ile ya zamani imekwisha, na ya sasa mimi mwenyewe siijui, pua yangu ndiyo kwanza inaamka. Mwambie aje aninuse, halafu aniambie nanukia nini.

Babako